Wembe Tuliouonja Pamoja

Ijumaa, Novemba 1998. Ukunda.

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, ikakatika, ikarudi. Sasa ni alasiri, mabati yamenyamaza, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda na matope ya Msambweni bado yako kwenye viatu. Kavata, mke wangu, amelala akiwa ameuelekea ukuta. Sitaki kumwamsha. Ana mimba ya miezi mitano na wiki hii hajapata usingizi wa maana.

Wiki nzima nimekuwa mwoga. Naliandika neno hilo mapema nisije nikalikwepa huko mbele.

Sijanyoa ndevu tangu Jumapili. Kwa mhudumu wa mkahawa hilo ni kosa, na juzi msimamizi wetu hotelini alinivuta kando akaniuliza kama nimeamua kuwa nabii. Nilicheka. Ningemwambia nini? Kwamba nikiushika wembe naurudisha mahali pake, mimi ambaye kunyoa ndevu ndiyo starehe yangu kuliko mpira na kuliko pombe?

Tuko watatu. Yupo Mzee Salimu, Mdigo wa hapa hapa Ukunda, aliyekuwa mpishi hotelini hadi alipostaafu. Yupo Mwakio, Mtaita, anayeuza vinywaji kwenye baa ya kando ya bwawa la kuogelea. Na mimi, Mutinda, niliyeshuka kutoka Makueni kutafuta kazi na sijarudi. Siku ya mapumziko tunakutana uani kwa Mzee Salimu, tunachemsha maji, tunatundika kioo kwenye msumari, tunanyoa. Wengine hucheza bao. Sisi tunanyoa.

Chanzo chake ni mgeni mmoja Mwingereza aliyekaa hotelini msimu mzima. Siku ya kuondoka alimwachia Mzee Salimu brashi ya manyoya na mashine ya kunyolea ya zamani, ya chuma. Ukiuzungusha mkia wake, kichwa kinafunguka pande mbili kama mbawa, unalaza wembe ndani, unafunga. Tuliiita Kipepeo. Pamoja na hivyo vitu, yule mgeni aliacha lugha. Inaonekana huko kwao wako watu wanaonyoa hivi kwa mapenzi tu, nao wana maneno yao ambayo mtu wa kando hayaelewi. Mzee Salimu aliyageuza yote kuwa Kiswahili, na kwa kuwa alikuwa mpishi, mengi yaligeuka kuwa chakula.

Povu jepesi ni uji. Povu lililokaukia usoni ni chapati ya jana. Povu lililoshika sawasawa, zito, linalong'aa, ni mtindi, na mtu akipata mtindi lazima awaite wenzake waje waone. Kupitisha wembe uso mzima mara moja ni pasi. Pasi ya kwanza unashuka, ya pili unakata njia, ya tatu unapanda, na anayepanda kabla ya kukata njia ni mshamba. Wembe mpya ni bibi arusi. Ukianza kuvuta nywele, ni mtalaka. Ukimaliza unajipaka jiwe la shabu la kukaza ngozi, na kama ulijikwaruza mahali linawasha. Basi hatuulizani, "Umejikata?" Tunaulizana, "Leo shabu imesema nini?"

Mwanzoni nilikereka sana. Nilikuwa nikitoka pale kichwa kinauma, nikiwaza kwamba watu wazima wamekosa kazi. Mwakio ndiye aliyenichosha zaidi. Alikuwa anaweza kuzungumzia ukali na upole wa mashine mpaka maji yakapoa. "Maze, hii ni pole lakini haina uvivu," anasema, huku amefumba macho kama anaonja mvinyo. Nilitamani kumrushia ndoo.

Kisha asubuhi moja nikiwa peke yangu bafuni nikajikuta nasema kwa sauti, "Mtindi!"

Kavata akauliza kutoka jikoni, "Unanyoa au unapika?"

Tangu siku hiyo nilikuwa wao. Na kwa kweli nilifurahi. Mimi si mtu wa hapa, kanisani kwetu wengi ni wageni kama mimi, na baada ya ile ghasia ya mwaka jana hapa pwani, watu wa bara walipofukuzwa wakafungasha virago usiku usiku, nilikuwa nimeanza kutembea nikiangalia nyuma. Pale uani kwa Mzee Salimu hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliniuliza povu langu likoje.

Lakini kulikuwa na maneno mawili ambayo wiki hii yameninyima pumzi.

La kwanza ni machozi. Ukinyoa ukakosea kidogo, vitone vya damu vinachomoza shingoni, vidogo kama punje ya mtama. Hatukusema damu. Tulisema, "Nimetoka machozi," na tulicheka.

La pili ni kuonja. Wembe wa aina mpya ukiingia madukani, tulikuwa tunauonja, yaani tunanyoa wote watatu kwa wembe ule ule mmoja, kila mtu atoe hukumu yake. Mwakio alianza kwa sababu ndevu zake ni laini. Mimi nilifuata. Mzee Salimu alimalizia kwa kuwa ndevu zake ni kama miiba na angeufanya wembe butu. Tulikuwa tunausuuza kwa maji ya moto kabla ya kupokezana. Tulijiona wasafi.

Mara ya mwisho tulionja kabla ya mvua za masika. Nakumbuka vizuri kwa sababu Mwakio alitoka machozi mengi siku ile, nami nilimtania.

Jumapili iliyopita nilikuwa zamu ya asubuhi. Mwakio alinifuata nyuma ya chumba cha kufulia, pale mashuka ya wageni yanapoanikwa. Amekonda tangu Agosti, na kikohozi chake tulikuwa tumekizoea kiasi kwamba hatukukisikia tena. Alisimama kati ya mashuka mawili, upepo ukayafunga, nikawa namwona miguu tu.

"Mutinda, nililazwa siku zile nilizosema nimekwenda Voi," alisema. "Sikwenda Voi. Nilikuwa hospitali ya Msambweni. Ni kifua kikuu."

Nikamwambia kifua kikuu kinatibika. Nilifurahi hata, kwamba ni hicho tu.

"Walinipima na damu."

Nililisogeza shuka ili nimwone uso.

"Ninao, ndugu yangu. Ukimwi. Na sijui ni tangu lini. Sista mmoja, muuguzi wa pale, amenieleza habari za nyembe, nami nikakumbuka wewe unanyoa baada yangu."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilirudi nyuma. Hatua moja tu, lakini aliiona, na akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anaitarajia. Kisha mtu aliita kutoka jikoni na mimi nikaenda, nikabeba sahani za supu, nikawatabasamia wageni, na sikumbuki sura ya hata mmoja wao.

Sikujua kwamba hofu ina mahali pake mwilini. Yangu ilikaa shingoni, mahali hasa pale wembe unapopita. Niliigusa mchana kutwa. Nyumbani nilijitazama kwenye kioo, nikatafuta uvimbe, nikafungua mdomo nikaukagua ulimi. Nilihesabu vidonda vyote nilivyowahi kuwa navyo. Nikakohoa kidogo ili nisikie kikohozi changu kinavyolia.

Kavata alikuwa akiimba nje, anatwanga. Nilisikiliza mchi unavyopiga kinu, nikafikiria tumbo lake, nikakaa sakafuni.

Jumatatu nikaenda Msambweni. Nilimwambia Kavata nimeitwa kazini. Hospitalini nilipelekwa chumba cha mwisho kwenye baraza, kwa sista mmoja wa makamo aliyejifunga ushungi mweupe, Sista Mwanasha. Alinikaribisha kwa upole, akafunga mlango, akauliza kwa nini nataka kupimwa.

Nikaanza kueleza. Nikasema sisi ni marafiki tunaonja nyembe. Nikasema mwenzangu alikuwa amekata njia, akapanda, akatoka machozi, kisha Kipepeo ikaja kwangu, na mimi pia shabu ilisema. Maneno yalitoka haraka, na kadiri yalivyotoka ndivyo nilivyojisikia salama kidogo, kana kwamba nazungumzia mchezo.

Sista Mwanasha aliweka kalamu chini.

"Kaka yangu," alisema, "mimi ni mtu wa Msambweni, nimezaliwa hapa, na Kiswahili nakijua. Lakini hayo siyaelewi. Niambie kwa maneno ya watu. Mlikatana?"

Nilikasirika. Nashangaa sasa, lakini kweli nilikasirika, nikaona anaharibu kitu. Nikasema, "Si kukatana, ni machozi tu."

"Machozi ni ya macho," alisema. "Ilitoka damu?"

Chumba kilikuwa na dirisha dogo lenye wavu, na nje mtu alikuwa akifagia maji ya mvua barazani. Nilisikiliza ule ufagio. Kisha nikasema ndiyo, ilitoka damu. Yake ilitoka. Yangu pia ilitoka. Wembe ulikuwa mmoja.

Hapo ndipo nilipolia. Hakunikataza. Alisubiri, akanieleza polepole kwamba kuambukizwa kwa wembe si rahisi kama watu wanavyodhani, hasa ukisuuzwa, lakini hawezi kuniambia kwamba haiwezekani. Kwa kuwa ilikuwa kabla ya masika, muda umepita wa kutosha, damu itasema ukweli. Alinitoa damu yeye mwenyewe, akaniambia nirudi Ijumaa.

"Mkeo anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie. Usije ukamwacha aisikie njiani."

Sikumwambia siku ile. Jumanne jioni ndiyo nilimwambia, alipokuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilisimama mlangoni, nikaanza tena na yale maneno yetu, na yeye akainua mkono bila kuniangalia.

"Usinipe majina yenu, Mutinda. Nipe jina la ugonjwa."

Nikalitaja.

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akatoa jingine, akayaweka kando. Nilitaka apige kelele. Baadaye alisema, "Wewe uliogopa tangu Jumapili na mimi nimelala kando yako kama gunia. Unafikiri uliniokoa na nini?" Kisha akaweka ungo chini, akashika tumbo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hofu yangu ilikuwa ndogo kuliko yake.

Usiku ule alilala karibu nami.

Bado alikuwepo Mzee Salimu. Mwakio aliniomba nimwambie mimi. Nikakataa. Sikukataa kwa hekima, nilikataa kwa woga, nikihofia Mzee atanifukuza mimi pamoja na habari. Basi jana, Alhamisi, tukaenda wote wawili. Tulimkuta uani amekwisha kuchemsha maji.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmekuja kama waliofiwa? Na wewe Mutinda, hizo ndevu! Leo utahitaji pasi nne."

Mwakio alisimama wima. Hakukaa. Alisema yote kwa mkupuo, kifua kikuu na ukimwi, na wembe ule aliouanza yeye nikaufuata mimi na Mzee akaumalizia. Hakutumia neno letu hata moja.

Mzee Salimu alitabasamu kwanza, kama anayengoja mwisho wa mzaha. Kisha tabasamu likabaki usoni likiwa halina mwenyewe. Akainuka, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Tulikaa tukisikiliza maji yakichemka. Mwakio alikohoa akageukia ukuta. Nilifikiri Mzee atatoka na panga, au hatatoka kabisa, au mkewe atatoka na kutuambia tusikanyage tena.

Alitoka na sinia ya chai.

Alimimina kikombe cha kwanza akanipa. Akamimina cha pili, na pale, juu ya sinia, mkono wake ukasimama. Sote watatu tuliuona. Hapo uani tulikuwa tumekunywa chai bila kujali kikombe ni cha nani, na sasa mkono wa mzee huyu haukujua la kufanya. Mwakio akasema haraka, "Mimi sina kiu, Mzee."

"Nyamaza," alisema Mzee Salimu. "Wallahi nimeogopa, Mwakio. Sikufichi. Nimeingia ndani nikasahau nimefuata nini." Akakisukuma kile kikombe mbele yake. "Kunywa, chai haina kosa. Kisha mniambie hiyo Msambweni mnakwenda lini, kwa maana peke yangu sitafika."

Mwakio akanywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto.

Na leo ndiyo leo.

Tulikwenda sote wanne, chini ya miavuli miwili. Mwakio alikuwa na siku yake ya kuchukua dawa za kifua. Mzee Salimu na Kavata waliingia kutolewa damu. Kavata alisema hangoji kusikia majibu yangu, yake ni yake na ya mtoto wake. Mimi nikabaki kwenye benchi na Mwakio. Alikuwa akitikisa goti, nami nikawaza kwa hasira, yeye anatikisa goti la nini, majibu yake si anayajua tayari?

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Sista Mwanasha aliniita. Kutoka benchi hadi mlango ule hakuna mwendo wowote, lakini nilishika ukuta. Niliketi. Nikaomba Mungu kwa Kikamba, lugha ya kwetu ambayo siombi nayo siku hizi.

Hakunizungusha. "Huna," alisema. "Damu yako haina virusi, kaka."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikauliza kama wanaweza kuwa wamekosea chupa, akasema hapana, akanisomea jina langu. Akaongeza kwamba Kavata na yule mzee majibu yao yatakuja wiki ijayo, na kwamba kwa haya yangu nina sababu ya kuwatumainia. Kisha akanitazama sana, akasema, "Sasa kila mtu na wembe wake. Hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja."

Nilitoka nje na mwili wangu ulikuwa mwepesi. Nilitaka kukimbia kwenye mvua. Nilitaka kumbeba Kavata, mimba na yote. Furaha ilinijaa mpaka mdomoni, ndipo nikamwona Mwakio, amekaa pale pale, na bahasha yake ya dawa mapajani.

Furaha ikakwama. Unamwambiaje mtu habari njema ambayo si yake? Nilijaribu kuurekebisha uso wangu. Nilitamani kuwe na mlango mwingine.

Aliinuka kabla sijafika. "Sema," alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka, myeupe. "Mutinda, sema tafadhali."

"Sina."

Akaketi. Akafunika uso kwa ile bahasha ya dawa, mabega yakaanza kutikisika, na watu kwenye baraza wakageuka. Nilidhani analia kwa uchungu, kwamba mimi nimepona na yeye ameachwa. Nikainama nianze kusema pole.

"Asante Yesu," alikuwa akisema ndani ya bahasha. "Asante Yesu. Nilidhani nimekuua."

Kumbe goti lilikuwa la hofu juu yangu mimi. Wiki nzima, mimi nikigusa shingo yangu, nikikagua ulimi wangu, nikihesabu vidonda vyangu, huyu mtu mwenye kifua kilichooza alikuwa akiogopa kwa ajili yangu. Alikuwa amekwisha kupata hukumu yake, akaiweka kando, akawa anangoja yangu.

Nilikaa kando yake. Safari hii sikurudi nyuma. Nilimshika bega, lilikuwa mfupa mtupu, na nikalishika hivyo hivyo mpaka Kavata na Mzee Salimu walipotoka, kila mmoja amebana pamba kwenye mkono. Kavata alinitazama usoni, akajua, akageuka akaitazama mvua muda mrefu. Mzee Salimu alisema alhamdulillahi, na papo hapo nikaona macho yake yameingia hofu upya, maana sasa wamebaki yeye na Kavata kungoja.

Wiki ijayo tutarudi. Nimejaribu kumtia Mzee moyo, lakini najua moyo hautiwi na mtu mwingine. Nitakwenda kukaa naye uani kila jioni nitakayokuwa Ukunda mpaka siku hiyo. Hata tukinyamaza.

Kuna jambo jingine. Tulipokuwa tunaagana pale barabarani Ukunda, Mwakio aliniambia kwamba mama yake, kule milimani Taita, hajui lolote. Anadhani mwanawe amekonda kwa kazi nyingi. Amepata ruhusa ya siku chache kuanzia kesho na anataka kwenda kumwambia kwa mdomo wake. Akauliza kama ninaweza kumsindikiza.

Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Sasa nimefikiri. Simjui mama huyo. Sijui atatupokea vipi, kama atapiga yowe, kama atatufungia mlango, kama atanitazama mimi mzima na mwanawe mgonjwa na kuuliza kwa nini iwe yeye. Sijui hata nitayaweka wapi macho.

Kavata ameamka. Anauliza naandika nini. Nimemwambia najipanga kwa safari, naye amesema nichukue sweta, Taita kuna baridi.

Naogopa, na nitakwenda.